Anaposema "Nimezoea"

Mwenzi wako mgonjwa akikuambia kwamba yu sawa, je, umwamini? Utajibu upesi: nani aujuaye mwili wake kuliko yeye mwenyewe? Lakini hebu tulitazame jambo hili tena, hasa ikiwa ugonjwa wenyewe ni wa miaka mingi.

Chukua magonjwa ya utumbo yasiyoisha, kama ule wa Crohn na ule wa vidonda vya utumbo mpana. Hayaambukizwi, na si ameba, ingawa yaweza kudhaniwa hivyo. Kinga ya mwili huushambulia utumbo wa mtu mwenyewe. Mgonjwa huumwa na tumbo, huharisha, pengine damu, hukonda na kuchoka. Hupata nafuu, kisha maradhi hurudi. Dawa huyatuliza lakini haziyamalizi.

Tufikirie bibi aliyeugua hivyo miaka sita. Mwaka wa kwanza alilia kwa sababu hakuthubutu kupanda matatu kutoka Nakuru kwenda Nairobi kumwona mamake, asije akabanwa na haja njiani. Leo hasafiri, wala halii. Harusini haendi. Kanisani hukaa benchi la mwisho karibu na mlango. Mumewe akimwuliza hali, hujibu, "Niko sawa, baba watoto. Nimezoea." Naye mume hufurahi, maana, tuseme kweli, jibu hilo humpunguzia gharama.

Je, bibi huyu ni mwongo? La. Mtu akiugua muda mrefu, kipimo chake cha maisha hubadilika. Siku aliyoiita mbaya zamani, sasa huiita ya kawaida. Na kulala usiku kucha bila kuamka, jambo ambalo wewe hulioni kuwa kitu, kwake ni sikukuu.

Badiliko hili lina wema wake. Wengi wetu tukisikia habari za mfuko wa kinyesi unaobandikwa tumboni baada ya upasuaji, husema heri kufa. Lakini walio nao hupika, hulima, hulea watoto. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha ajabu: watu waliowahi kuwa na mfuko, kisha utumbo ukaunganishwa tena, waliyahesabu maisha ya mfuko kuwa mabaya kuliko walivyoyahesabu wale walio nao bado. Hata aliyeipita njia hiyo husahau ilivyokuwa, sembuse wewe usiyeikanyaga! Kwa hiyo, bwana, usimwambie daktari kwamba "hayo si maisha" kabla mkeo hajafungua kinywa.

Hata hivyo, kuna kuzoea kwingine. Mmoja amepata njia mpya ya kuishi na akaipenda. Mwingine amefunga milango yake mmoja mmoja ili asiwe mzigo nyumbani, na wote wawili hutumia neno lile lile. (Wanaume ndio hodari zaidi wa mchezo huu: atasema amechoka na kazi, kumbe anaona haya kumkaribia mkewe chumbani.) Ukiliamini neno hilo tu, waweza kumwacha mwenzako katika dhiki uliyoapa kuishiriki. Ukilikataa, unamfanya mtoto asiyejua hali yake.

Mwaka 1989 madaktari wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walitoa maswali 32 ya kuwauliza wagonjwa wa namna hii. Hawakuuliza habari za choo peke yake. Waliuliza pia uchovu, hofu, huzuni, na shughuli ambazo mgonjwa ameshindwa kuzihudhuria. Nadhani walifanya vema kushuka hadi mambo madogo, kwa maana "Hujambo?" hujibiwa kwa "Sijambo" hata na mtu anayekufa.

Nawe uliza hivyo. Jioni moja, watoto wakiisha kulala, mwulize: tumbo likitulia kesho, ungefanya nini? Akicheka na kusema angefanya yale yale ya leo, mwamini. Lakini akijibu kabla hujamaliza kuuliza, "Ningekwenda kwa mama," basi hajazoea; ameacha kuomba tu. Mpelekeni daktari habari hiyo, kwa sababu huenda naye aliambiwa "niko sawa." Na safari yenyewe huenda ikawezekana hata kabla ya kupona: gari la jirani, kuondoka alfajiri, nguo za kubadili mfukoni, na kusimama Naivasha na Limuru penye vyoo.