Asiye na Simu Atasikiwa na Nani?



Mwaka 2012 wakubwa wa mji wa Boston, Marekani, walitoa programu ya simu za mkononi ya kutafutia mashimo ya barabarani. Dereva aliiweka simu ndani ya gari. Gari lilipotikisika shimoni, simu ilipeleka habari halmashauri pamoja na mahali penyewe. Hapakuwa na barua wala foleni. Ilikuwa kazi njema.

Lakini simu za namna hiyo walikuwa nazo akina nani? Wazee na maskini wengi hawakuwa nazo. Basi kama mafundi wangefuata habari za simu peke yake, mitaa ya wenye nacho ingetengenezwa kwanza, na mitaa ya maskini ingeonekana kana kwamba haina mashimo. Hapo hakuna aliyekusudia dhuluma. Mashine haikusema uongo. Ilieleza yale iliyoyasikia tu. Kwa bahati njema hatari hiyo ilitambuliwa, na chombo kikapewa kwanza wakaguzi wa barabara, ambao huzunguka mitaa yote.

Je, haki ni kuwatendea sawasawa wote wanaokuja kulalamika? Naona haitoshi. Mjane wa Luka 18 alipata haki yake kwa kuwa aliweza kumwendea kadhi mara kwa mara. Angekuwa mgonjwa kitandani, je? Lakini mchungaji wa Luka 15 hakungoja kondoo aliyepotea apige kelele. Alijua hesabu ya kundi lake, akaona pengo, akaenda kutafuta. Mwenye kutawala watu yampasa kuwa na moyo wa mchungaji huyo, hata awe na vyombo vizuri namna gani.

Sisemi tuvitupe vyombo hivi. Hata sisi siku hizi twapashana habari za misiba, mikutano na michango kwa vikundi vya simu, na ni msaada mkubwa. Ila mama mzee asiye na simu asipofika msibani, tusiseme amejitenga. Huenda hakuna aliyemwambia. Kila tangazo lipitalo kwenye simu na lisomwe pia kanisani, na walinzi wa kanisa wapite nyumba za wasiojiweza.

Kimya cha mtu si ushahidi kwamba ameridhika. Mungu atupe masikio ya kuwasikia wasio na sauti, na miguu ya kuwafikia. Amina.