Tutafute Kwanza



Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, na tena Mei 2021, watu wengi wa Goma walikimbilia Gisenyi. Wazee wengi walivuka na kifurushi tu.

Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau huficha kitambulisho au kitenge, kisha akikikosa husema, “Mkamwana ameniibia.” Si uovu, ni ugonjwa. Tusibishane naye. Tumwambie, “Mama, tutafute pamoja,” chini ya godoro, ndani ya mfuko wa unga. Wala tusimpuuze: pengine kweli kimeibwa.

Katika Isaya 46, Mungu anaahidi kuwabeba watu wake mpaka wakati wa mvi. Basi nasi tuwabebe wazee wetu. Amina.