Kigong'ota wa Misonobari na Swali la Nia

Katika misitu ya misonobari ya kusini-mashariki mwa Marekani anaishi kigong'ota mdogo, mwenye mgongo wa milia myeusi na myeupe na shavu jeupe, ambaye wataalamu humwita Dryobates borealis. Maisha yake ya kijamaa yanalifufua swali la kale la falsafa ya maadili: je, kitendo huwa wema kwa kuwa kimemnufaisha mwingine, au mpaka mtendaji awe ameukusudia wema huo?

Vigong'ota walio wengi hutoboa miti iliyokufa, ambayo imekwisha kulainika, bali huyu huchimba tundu katika msonobari ulio hai, tena mzee, aghalabu wenye miaka 80 au zaidi, kwa sababu mti wa umri huo ndio ambao kiini chake huwa kimeshambuliwa na kuvu inayouozesha kutoka ndani. Kabla ya kukifikia kiini hicho hana budi kupenya mbao za nje zinazotoa utomvu mzito unaonata, na ndiyo maana tundu moja huweza kumchukua miaka kadhaa. Likikamilika, hudonoa vijishimo kulizunguka ili utomvu uendelee kuchuruzika, hata shina likawa jeupe kwa utomvu uliokauka, na nyoka wapandao miti kutafuta mayai na makinda wakashindwa kupita, kwa kuwa utomvu huo hunasa kwenye magamba ya tumbo. Tundu la namna hii hudumu miaka mingi na hukaliwa na kizazi baada ya kizazi. Ni mali, kwa maana yoyote ambayo mali inaweza kuwa nayo msituni.

Majike wachanga kwa kawaida huondoka kabla ya kutimiza mwaka, lakini madume wengi hubaki kwa wazazi bila kuzaa, wakiatamia mayai yasiyo yao, wakiwaletea wadogo zao wadudu, wakishiriki kuchimba na kulinda eneo. Msomaji aliyesomeshwa na kaka yake mkubwa hatakosa kuutambua mpango huo, na pengine atataka kuuita wema.

Mtafiti Jeffrey Walters na wenzake walitilia shaka jina hilo, au angalau walilipima. Katika jaribio walilolichapisha mwaka 1992, lililofanyika North Carolina, walitoboa matundu ya bandia katika maeneo 20 yasiyokuwa na ndege, huku maeneo mengine 20 ya kulinganisha yakiachwa kama yalivyo. Maeneo 18 kati ya yale ya kwanza yakapata wakazi, na kati ya yale ya pili halikupata hata moja. Ilidhihirika kwamba kijana hukaa nyumbani kwa sababu tundu ni adimu, naye yuko kwenye foleni ya urithi. Tangu William Hamilton alipoeleza, mwaka 1964, jinsi kumsaidia ndugu kunavyoeneza vinasaba ambavyo msaidizi mwenyewe anavyo, wako wanaohitimisha haraka kwamba huo basi si wema bali ni ubinafsi.

Hitimisho hilo ni la pupa. Kant, katika kitabu chake cha 1785, alimtaja muuza duka asiyewapunja wateja kwa sababu tu uaminifu una faida, akasema kwamba tendo hilo, ingawa ni sahihi, halina thamani ya kimaadili. Naye mwanazuoni wa Kiislamu Ghazali, karne nyingi kabla yake, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya, mkusanyo wake wa vitabu vya dini, kwa ajili ya nia na ikhlasi, yaani kulitakasa kusudio ili liwe la Mungu peke yake. Lakini kanuni hiyo hukata kuwili. Asiyeweza kunuia wema hawezi kunuia ubinafsi pia, kwa maana ubinafsi ni kuijua haki ya mwingine kisha kuipuuza. Hesabu ya faida ambayo wataalamu huieleza ni ya uteuzi wa asili, mchakato usio na moyo, wala haithibitishi kwamba dume mchanga anaipiga mwenyewe. Anayemvua ndege joho la utakatifu kisha akamvika la uroho amebadilisha joho tu.

Swali la nia lina mahali pake kwa wamiliki wa misitu hiyo. Kigong'ota huyu aliorodheshwa mwaka 1970 kuwa kiumbe aliye hatarini kutoweka, na sheria ilipobana matumizi ya ardhi anayokaa, baadhi ya wenye mashamba waliiwahi misonobari, wakaikata kabla haijazeeka, ili ndege asije akahamia. Hao walijua walitendalo. Mwaka 1995 serikali ilianza, huko huko North Carolina, kutoa mikataba ya hiari: mwenye ardhi akiutunza msitu, hatabebeshwa masharti mapya kwa ajili ya ndege watakaoongezeka. Waliotia saini hawakutoka katika moyo mmoja. Wako waliochelea hasara, na wako waliopenda viumbe. Kant angewatenganisha, na Ghazali angewachuja kwa ukali zaidi, ila mkataba haukumuuliza mtu nia yake, uliuliza hali ya miti. Mwaka 2024 ndege huyo alishushwa daraja moja katika orodha ya walio hatarini.