Je, Kila Ujasiri ni Fadhila?

Tarehe 30 Oktoba 1894 jeshi la Wajerumani liliishambulia ngome ya Mtwa Mkwawa huko Kalenga, Iringa, likaiteka. Kiongozi wa shambulio hilo, Gavana Friedrich von Schele, alitunukiwa Pour le Mérite, nishani kubwa ya ushujaa ya Prussia. Mwaka uliotangulia, huko Tabora kwa ndugu zetu Wanyamwezi, Mtemi Isike alipoona maadui wameingia ngomeni mwake, aliwasha baruti ajilipue kuliko kukamatwa. Yeye hakuvikwa nishani.

Nani basi alikuwa jasiri? Tukisema kweli, wote wawili, pamoja na askari Waafrika waliopigana Kalenga kwa amri ya mgeni. Hapo swali linatubana: ikiwa mvamizi na mwenye nyumba wote ni majasiri, je, ujasiri peke yake ni fadhila? Sisi Walutheri hatuwezi kulikwepa, maana wamisionari wetu wengi wa kwanza walitoka katika taifa hilohilo lililotoa nishani.

Nishani hupima jinsi mtu alivyoikabili hatari. Haiulizi alikwenda kumtendea nani nini. Mungu huuliza. Usiku ule wa Gethsemane Petro alichomoa upanga mbele ya kundi lenye silaha, na huo ulikuwa ujasiri. Lakini Bwana alimwamuru aurudishe alani. Saa chache baadaye Petro huyohuyo aliogopa swali la kijakazi. Kupiga aliweza, kusema kweli kulimshinda.

Wapendwa, huku Geita na Kahama vijana wetu hushuka kwenye maduara kila siku, na tunawasifu kuwa ni wanaume kwelikweli. Je, tunamsifu pia yule anayemwambia mwenye duara kwamba matimba yameoza, naye hashuki wala hawaachi wenzake washuke? Huyo huitwa mwoga, na kibarua chake huota nyasi.

Mwaka 2015, huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi. Waliowatoa waliingia katika ardhi ileile iliyokuwa imeporomoka, si kwa kutafuta dhahabu, bali watu.

Kristo naye aliikabili mauti bila kumwua mtu, akafa kwa ajili ya adui zake. Basi kabla hatujamwita mtu shujaa, tuulize kwanza: hatari ile aliibeba kwa ajili ya nani, na ni nani aliyelipa gharama yake?