Minyororo ya Karatasi

Msimu wa majani kupukutika unapoingia, watoto katika shule za msingi za Kiyahudi, tangu Jerusalem hadi New York, hushika mikasi na gundi. Hukata karatasi za rangi vipande vyembamba, wakaviunga pete kwa pete mpaka mnyororo uvuke darasa. Wengine huchora makomamanga. Mapambo hayo hutundikwa katika sukka, kibanda kinachoezekwa kwa matawi, nyota zikionekana kwa juu.

Sikukuu ya Vibanda, inayoadhimishwa humo, ni ya siku 7, kisha kibanda hubomolewa. Mvua ikinyesha, rangi huchuruzika.

Kwa nini basi kupamba kitu kitakachobomolewa? Walawi 23 inataka kibanda kikumbushe safari ya jangwani, bila kutaja mapambo yoyote. Lakini Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, ikifafanua Kutoka 15:2, inataka Mungu atukuzwe kwa sukka nzuri. Jibu hilo lina uzito: halimdai mtoto kazi ya kudumu, linamdai bidii. Tena sheria ya Kiyahudi yenyewe inayalinda mapambo. Tunda lililotundikwa haliliwi hadi sikukuu iishe, na pete ya karatasi iliyogandishwa na mtoto wa miaka 6 hupewa heshima hiyo hiyo.