Hazina Isiyochimbwa



Geita inajulikana duniani kwa dhahabu yake. Lakini katika mkoa huo huo, ndani ya Ziwa Viktoria, kimo kisiwa cha Rubondo, kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977, nacho kina hazina isiyohitaji sururu. Ukitembea taratibu msituni humo pamoja na askari wa hifadhi, inua macho: juu ya matawi zimeota okidi. Yateremshe kwenye vinamasi, huenda ukamwona nzohe, ambaye kwato zake ndefu humzuia asizame matopeni.

Itazame vizuri okidi hiyo. Imeketi juu ya mti, lakini haunyonyi mti huo. Mizizi yake hupokea maji ya mvua na umande. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula, wala haioti porini mpaka isaidiwe na kuvu. Je, ni nani aliyeiandalia riziki mbegu dhaifu namna hii? Bila shaka ni Mola yule yule aturuzukuye sisi.

Tena fikiri habari za sokwe. Baina ya mwaka 1966 na 1969 waliletwa Rubondo sokwe 17 kutoka Ulaya, walikokuwa wakifugwa vizimbani. Walakini walijifunza kutafuta chakula, wakajenga viota, wakazaa. Kizimba hakikufuta maumbile waliyotiwa na Muumba wao. Basi nawe uliyefungwa na tamaa, usivunjike moyo: mlango wa toba u wazi.

Hata ardhi hurudi. Huko Shinyanga, palipokatwa miti mpaka pakafanana na jangwa, mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho yapumzike, na miti ikachipua tena.

Lakini toba ina alama zake. Kurani Tukufu yatufundisha kwamba wanyama na ndege nao ni umma kama sisi. Basi mchimbaji akamatishaye dhahabu kwa zebaki, kisha akamwaga maji yake kijitoni, anamnyonya nani? Sumu hiyo huingia katika samaki, na kwa samaki humfikia mtoto. Haifai mkono uombao riziki ya halali alfajiri utie sumu katika riziki ya jirani jioni. Okidi yakaa juu ya mwenyeji wake bila kumdhuru. Sisi tuliopewa akili tushindwe?

Mwenyezi Mungu atujalie tuwe waaminifu juu ya amana Yake. Amin.