Mama Mwalimu na Rafiki Zake

Kulea mtoto ni kazi ya kwanza ya wazazi. Hakuna padri, wala mwalimu wa masomo, wala katekista awezaye kuitwaa kabisa mikononi mwao. Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano ulilifundisha neno hilo waziwazi katika tamko lake juu ya malezi ya kikristu, lililotolewa tarehe 28 Oktoba 1965: wazazi, kwa kuwa ndio waliompa mtoto uzima, ndio walezi wake wa kwanza na wakuu. Wazazi walio wengi huitimiza kazi hiyo wakisaidiwa na masomo. Mtoto huondoka asubuhi na daftari zake, hurudi mchana, na nyumbani baba na mama humwongezea yale ambayo mwalimu hawezi kumpa. Lakini wako wazazi wengine walioamua kumfundisha mtoto mambo yote wenyewe, kusoma na hesabu na sala, mezani pao. Mara nyingi mzigo huo humwangukia mama. Juu ya mama huyo lipo swali linalostahili kufikiriwa vema: Je, yampasa kuwa na rafiki, au urafiki ni wizi wa saa za watoto wake? Na akiwa naye, je, ni lazima rafiki huyo ashike njia ile ile anayoishika yeye?

Desturi hiyo imeenea hasa katika nchi ya Marekani, wala haikupatikana huko pasipo mashindano. Mwaka 1922 jimbo la Oregon lilitunga sheria ya kuwalazimisha watoto wa miaka 8 hata 16 kuhudhuria masomo ya serikali. Watawa wa Majina Matakatifu ya Yezu na Maria, waliokuwa na masomo yao wenyewe, walishtaki, na mwaka 1925 Mahakama Kuu ya Marekani iliitangua sheria hiyo, ikawatambulia wazazi haki ya kuyaongoza malezi ya watoto wao. Mwaka 1972 mahakama iyo hiyo iliwakubalia wazazi Waamishi wa Wisconsin wasiwapeleke watoto wao masomoni baada ya darasa la 8. Kufikia mwaka 1993 kufundisha nyumbani kulikuwa halali katika majimbo yote 50. Mwaka 1999 serikali ya nchi hiyo ilihesabu watoto wapata 850,000 waliofundishwa hivyo. Mwaka 2016 walikuwa wapata milioni 1.7, yaani kama 3 katika kila watoto 100. Ugonjwa wa korona ulipofunga masomo mwaka 2020, hesabu hiyo ilipanda sana. Wazazi wengi kati yao ni wakristu, nao husema kwamba wanataka imani ya mtoto ikue pamoja na akili yake, zisitengane.

Nia hiyo ni njema. Lakini siku ya mama wa namna hiyo ni ndefu. Huamka kabla ya watoto, husali, hupika. Kisha mkubwa adai kufafanuliwa hesabu za sehemu, wa kati asoma kwa kukwama, mdogo alia, na nguo za kufua zangoja. Mume yuko kazini hata jioni. Jirani wengi nao wako kazini, na njia ya mtaa ni tupu. Yaweza kupita juma zima mama huyo asiongee na mtu mzima mwingine isipokuwa mume wake. Tena, akikutana na watu, wapo wamwonao kuwa ni mwenye kiburi, kana kwamba kwa kuwaweka watoto wake nyumbani amewahukumu wote wanaowapeleka wa kwao masomoni. Hivyo upweke humjia kwa milango miwili: kwa kukosa saa, na kwa kutofautiana na wenzake.

Mama mwenye bidii aweza kujibu hivi: «Mungu anatosha. Saa ninayokaa na rafiki ni saa ninayowanyima watoto.» Maneno hayo yana sura ya utakatifu, lakini yafaa yapimwe. Bwana wetu Yezu Kristu alikuwa mmoja na Baba yake kuliko mtu yeyote. Hata hivyo, usiku ule wa mashaka katika bustani ya Getsemani, aliwachukua Petro, Yakobo na Yoane, akawasihi wakeshe pamoja naye. Walisinzia, naye akasikitika. Ikiwa Mwana wa Mungu alitaka wenzake karibu saa ya uchungu, hakuna awezaye kusema kwamba kumhitaji rafiki ni upungufu wa imani. Naye Bikira Maria, mara tu baada ya kupashwa habari na malaika, alishika njia kwa haraka kwenda milimani kwa Elizabeti, akakaa kwake muda wa miezi mitatu hivi. Wanawake wale wawili walikuwa na mimba za ajabu ambazo jirani zao wasingeweza kuzielewa. Ziara ile haikumwondoa Maria katika kazi aliyopewa na Mungu. Mtoto alikuwa tumboni mwake njia yote.

Mtakatifu Fransisko wa Sales, aliyekuwa askofu wa Geneva, alilifikiri jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1609, alichowaandikia watu wanaotaka kumtumikia Mungu huku wakiishi duniani katika ndoa na kazi. Yeye aliona kwamba watawa katika nyumba yenye utaratibu mwema hawahitaji sana urafiki wa pekee, kwa kuwa wote wanakwenda njia moja chini ya kanuni moja, kama watu watembeao mahali pa tambarare. Lakini wale walio katika ulimwengu wanapita penye utelezi, na yawapasa kushikana mikono wasianguke. Fundisho hilo lamhusu sana mama mwalimu. Kwa kuwa husali kwa saa zake na hukaa nyumbani, aweza kudhani kwamba nyumba yake ni konventi. Sivyo. Hana kengele ya jumuiya, hana mama mkubwa wa kumwonya, hana dada wa kumpokea kazi siku ya homa. Yuko penye utelezi, tena na watoto mgongoni. Wazee walisema: Mkono mmoja haulei mwana.

Basi swali la kwanza limepata jibu. Urafiki si wizi wa saa za watoto, maadamu una kiasi, na maadamu mama hakimbilii maongezi ili kuikimbia kazi. Maana iko pia tofauti kati ya rafiki na soga. Saa moja kwa mwenzi amwambiaye ukweli humrudisha mama mezani akiwa na moyo mpana. Asubuhi nzima ya kusengenya humrudisha akiwa na hasira, na watoto ndio wanaoilipa.

Swali la pili ni gumu zaidi. Huko Marekani akina mama hao wamezoea kuunda vyama. Siku moja katika juma hukusanyika katika ukumbi wa parokia au wa kanisa fulani: ajuaye hesabu huwafundisha watoto wa wote, ajuaye muziki vivyo hivyo, na watoto hupata wenzi wa kucheza. Ni ushirika wenye faida nyingi. Lakini mara mama mmoja abadili njia. Labda mume wake amepoteza kazi, naye hana budi kutafuta mshahara. Labda yeye mwenyewe ameugua. Labda mtoto wake ashindwa kusoma na anahitaji mwalimu aliyejifunza kuwasaidia watoto wa namna hiyo. Ampeleka mtoto masomoni. Tokea juma lile hana tena nafasi katika siku ya chama. Hakuna aliyemfukuza. Ila simu hazilii tena, na akikutana na wenzake baada ya Misa, maongezi yao ni mafupi, nao hawajui watazame wapi.

Hapo ndipo urafiki unapopimwa. Aristoteli, mwenye hekima wa Uyunani katika karne ya 4 kabla ya Kristu, aligawa urafiki namna tatu: ule wa faida, ule wa furaha, na ule wa watu wema wanaotakiana mema kwa ajili ya mwenzi mwenyewe. Namna mbili za kwanza, alisema, huvunjika upesi, kwa kuwa faida ikiisha na furaha ikipita, sababu ya kupendana nayo imekwisha. Urafiki wa chama huanza karibu daima katika faida, wala si dhambi kuanza hapo. Dhambi huwa karibu wakati wenye chama wanapouita mapendo ya kikristu, kisha wanamwacha mwenzao siku asipowafaa tena. Kumbe aliyependwa si yeye, ni shauri lake.

Mtu aweza kukataa: «Je, rafiki wa kweli hawashiriki mema yaliyo makuu? Mtakatifu Aelredi, abate wa Rievaulx huko Uingereza katika karne ya 12, alifundisha kwamba urafiki wa kiroho una msingi wake katika Kristu. Asiyejenga pamoja nami, atakuwaje rafiki?» Neno hilo ni kweli, lakini lahitaji kutenganishwa vema. Kumshiriki Kristu si kushiriki ratiba ya siku. Imani ndiyo mwisho. Kufundisha nyumbani ni njia mojawapo ya kuufikia. Mtaguso uliwakabidhi wazazi wajibu wa kulea, haukuwaamuru wote waufanyie mezani pao. Mama anayempeleka mtoto masomoni na kusali naye jioni hajaikana imani. Ametumia njia nyingine kwa mwisho ule ule. Amhesabuye kuwa amerudi nyuma ameiweka njia mahali pa mwisho, na hilo ni kosa la akili kabla ya kuwa kosa la moyo. Lawadhuru hata wanaobaki. Maana mama aonaye jinsi mwenzake alivyosahauliwa atajifunza kuficha uchovu wake, asije akasahauliwa naye. Ndipo katika chama cha rafiki kila mmoja atakuwa peke yake.

Na jirani asiyesadiki je? Historia ya desturi hii yenyewe ina mfano. John Holt, mwalimu aliyeanzisha mwaka 1977 jarida kwa ajili ya wazazi wanaofundisha nyumbani, hakuongozwa na dini katika kazi hiyo. Raymond Moore na mke wake Dorothy walikuwa Waadventista. Misingi yao ilikuwa mbalimbali, nao waliwatetea wazazi wale wale. Hata mama wa Timoteo, Eunike, aliyempokeza mwanawe imani pamoja na bibi yake Loisi, aliolewa na Myunani. Watu wa imani walilea watoto wao kati ya watu wasio wa imani yao tangu mwanzo wa Kanisa.

Hata hivyo busara hairuhusu kuwaweka rafiki wote mahali pamoja. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mapendo ya kimungu ni urafiki wa mtu na Mungu. Na kwa ajili ya Mungu, alisema, mapendo hayo huwafikia hata adui zetu. Basi mama mkristu hamfungii mtu yeyote moyo wake. Lakini siri za dhamiri yake humwambia yule anayeweza kumrudisha kwa Mungu. Jirani akidharau sala mbele ya watoto, mama ana haki ya kumwambia kwa upole kwamba neno hilo halifai nyumbani mwake, na ana haki ya kutomwachia watoto. Jirani huyo akiugua, mama huyo huyo ampelekee chakula, na watoto wakibebe. Si kila rafiki huingia chumba cha ndani. Lakini asiwepo anayeachwa nje mvua ikinyesha.

Hapo laonekana neno ambalo kitabu cha katekisimu peke yake hakiwezi kulitimiza. Mtoto afundishwaye nyumbani humwona mwalimu wake saa zote. Atamsikia mama akieleza amri ya mapendo saa tatu asubuhi, na saa kumi atamsikia akimsema mwenzake katika simu. Atajua lipi ndilo somo la kweli. Mtoto wa masomoni aweza kudhani kwamba mwalimu ana siku nyingine njema asiyoijua. Mtoto wa nyumbani hana dhana hiyo. Kwa hiyo urafiki wa mama ni sehemu ya mafundisho yake. Mtoto aliyemwona mama akimtembelea mwenzi aliyeacha chama, bila kumwonya wala kumdadisi, amejifunza maana ya uaminifu. Na yule aliyemwona mama akiomba radhi kwa rafiki aliyemkosea, ataiendea Sakramenti ya Kitubio bila woga mwingi.

Mama wa Kongo ambaye watoto wake huenda masomoni kila asubuhi asidhani kwamba maneno haya hayamhusu. Yeye pia ni mlezi wa kwanza, nao watoto wake wana macho. Basi kila mama, popote alipo, ajiulize jioni kabla ya kulala: Ni nani aliyekuwa rafiki yangu mwaka jana ambaye sasa simwiti? Alinikosea, au aliacha tu kunifaa? Na watoto wangu, wakiulizwa kesho namna mkristu anavyompenda mwenzake, watasimulia waliyoyaona wapi? Kisha, kabla juma halijaisha, atume salamu kwa mmoja.